Asumani Shaba na Siku ya Malori

Wajukuu zangu wa matarumbeta, msinikasirikie. Juzi mlikuja msibani Ujiji na sare zenu nyekundu, mmepakia ngoma na tarumbeta nyuma ya pikapu, mkitaka kumsindikiza Mzee Asumani kwa muziki, na mimi ndiye niliyetoka nje kuwaomba msipulize. Niliwaona mlivyonitazama. Mmoja wenu akanong'ona, "Mzee ana wivu." Nilisikia. Masikio haya yamekaa mbele ya vipaza sauti nusu ya umri wangu na yamechakaa, lakini neno la namna hiyo bado yanalidaka.

Si wivu. Marehemu mwenyewe alimwachia binti yake, Mwajuma, maneno kwamba azikwe kama Waislamu wenzake wa Ujiji wanavyozikwa: asaliwe, asomewe dua, atiwe udongo, watu warudi makwao. "Nimepuliza vya kutosha," ndivyo alivyosema. Ningefanya nini mimi, Mkristo wa kutoka vilimani, kwenda kinyume na wasia wa mtu na dini yake?

Mkanifuata tena baada ya maziko, mkauliza alikuwa mtu wa namna gani. Sikuwajibu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kuzika kunachosha kuliko kulima. Nimemzika Hamisi wa drams, nimewazika wa magitaa, nimemzika yule wa saksafoni aliyekuwa mdogo kuliko sote. Sasa nimemzika Asumani, na katika bendi nzima nimebaki mimi, kama jino moja mdomoni ambalo halina tena kazi ya kutafuna. Leo nimelala mchana, nimekunywa uji, nina nguvu kidogo. Kaeni.

Bendi yetu iliitwa Mawese Jazz. Chekeni tu. Watu wa Tabora nao walicheka tuliposhuka kwenye treni. Walituuliza tumekuja kupiga muziki au kukaanga samaki. Aliyetununulia vyombo mwanzoni alikuwa mfanyabiashara wa mawese, akataka biashara yake itajwe kila watu wanapocheza. Baadaye biashara ikafa, vyombo vikachukuliwa kuwa mali ya umma, tukawa bendi ya kupiga kwenye sherehe na mapokezi ya wakubwa. Jina lilibaki. Hamisi, kiongozi wetu, alisema mtoto habadilishwi jina kwa sababu baba yake amefilisika.

Mimi nilijifunza tarumbeta misheni. Tulikuwa tunapiga nyimbo za kanisa kwenye sikukuu, na padri alitaka sauti iliyonyooka, kubwa, isiyotikisika. Nilikuwa hodari wa hiyo. Uhuru ulipokuja nikashuka mjini kutafuta maisha, na Hamisi alikuwa anatafuta mtu wa tarumbeta ya pili. Akanichukua bila kunisikiliza sana.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa bugi, lile dansi la Jumapili alasiri, pale Kasingirima. Ukumbi umejaa, akina mama wamevaa vitenge vya Kongo, vijana wamepaka nywele mafuta. Zamu yangu ikafika, nikasimama nikapuliza kama nilivyofundishwa. Wallahi, naapa kwa kiapo chao, watu waliacha kucheza. Wakasimama na mikono yao pembeni. Mwanamume mmoja alivua kofia.

Tarumbeta ya kwanza alikuwa Asumani. Akainuka taratibu, akaingia na sauti ndogo, ya chini, kama mtu anayeomba kupita mlangoni, na watu wakaanza tena kutikisa mabega. Tulipokaa akaniinamia sikioni.

"Mdogo wangu," akasema, "umewasimamisha watu wanasubiri baraka."

Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye hakucheka. Akaongeza, "Pumzi unayo. Sasa tuitafutie kiuno."

Huyo ndiye Asumani. Alikuwa mfupi, shingo nene, mikono ya mvuvi kwa sababu baba yake alikuwa mvuvi. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka ng'ambo, Kongo, yeye akiwa mtoto mchanga, wakahamia Ujiji, na Ujiji ndiyo iliyomlea, ikamsomesha Kurani, ikamwoza. Jina la Shaba alipewa na wachezaji, kwa sababu tarumbeta yake aliing'arisha kwa majivu na ndimu mpaka ukijitazama unaona meno yako.

Mnaniuliza alikuwa anafundishaje. Hakuwa na maneno mengi. Alianza na midomo. "Tarumbeta si baiskeli," alisema, "huwezi kuiacha mwezi mzima ukairudia ukaikuta inakwenda." Kila asubuhi, kabla ya chai, alitoa kile kikombe kidogo cha shaba kinachokaa midomoni, ambacho sisi tulikiita kinywa, akakipuliza chenyewe bila tarumbeta. Kinalia kama nyuki aliyeingia kwenye chupa. Nanyi fanyeni hivyo. Nawaona mnaanza kazi midomo imelala, mnakibana kinywa kwenye meno ili sauti ya juu itoke. Inatoka, ndiyo. Lakini ukibana, sauti ya juu unaipata leo na kesho unaamka mdomo umevimba kama mtu aliyepigwa. Asumani akikuona unabana alikuwa anakuvutia tarumbeta mbali na midomo, katikati ya wimbo, mbele ya watu. Nilivutwa mara nyingi.

Pistoni tulizipaka mafuta ya cherehani, tukiyaomba kwa mafundi nguo. Na alikuwa na kikombe chake cha bati, cha kunywea chai, ambacho alikiweka mbele ya mdomo wa tarumbeta akaifanya inong'one. Siku hizi mnauziwa vifaa vya kuziba sauti dukani. Yeye kikombe hicho hicho alikipigia muziki, akimaliza anakisuuza anakinywea.

Na jambo la mwisho alilonifundisha lilinichukua miaka kulielewa: kunyamaza. Mimi nilijaza kila nafasi. Yeye aliacha tundu katikati ya wimbo, akasubiri, mpaka mchezaji anajikuta anainua uso kumtafuta. "Ukisema kila kitu," aliniambia, "utawaachia nini wao?"

Tukapiga hivyo miaka mingi, yeye wa kwanza, mimi wa pili. Yeye anaita, mimi naitikia. Watu walisema ni tarumbeta moja yenye vinywa viwili.

Sasa niwasimulie siku ya malori, maana nikisema habari za Asumani nikaiacha siku hiyo nitakuwa nimewasimulia mtu mwingine.

Ninyi mmesoma shuleni mistari michache: kwamba watu waliokuwa wametawanyika walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wakae pamoja, wapate shule, maji na zahanati. Ni kweli. Shule ilikuja, na wapwa zangu wamesoma humo, mmoja ni nesi. Lakini siku yenyewe ya kuhama haina shule ndani yake. Ina lori.

Msimu ule bendi yetu ilizungushwa kijiji baada ya kijiji kupiga muziki wa kuwapokea wanaohamia. Tulilala madarasani, tulikula ugali na maharage mpaka nikaanza kuyaota. Sikuwa na ubishi na kazi hiyo. Niliambiwa tunawakaribisha watu, nikakaribisha. Na niliambiwa pia kwamba upande wetu, vile vilima vya nyuma ya Simbo alikokaa mama yangu, zamu yao ingekuja baada ya mavuno. Nilipanga niombe ruhusa niende nikamsaidie kufunga mizigo.

Siku hiyo tulikuwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Kijiji ni neno tu. Kulikuwa na uwanja uliofyekwa, vigingi vya kuonyesha kila familia itakaa wapi, bendera, na jukwaa letu la mbao. Alikuwapo bwana mkubwa mmoja aliyesimamia zoezi, jina lake sitalitaja, amekwisha kufa naye na watoto wake ni watu wema. Alikuwa anatutaka tusinyamaze hata kidogo. "Watu wakishuka wasikie furaha," alisema.

Malori yakaanza kuingia, vumbi limetanda. Tulikuwa katikati ya wimbo wetu ule wa kuitana na kuitikiana. Watu wanashuka na vitanda vya kamba, vinu, kuku wamefungwa miguu. Wengine walitabasamu kwa sababu ya muziki, watoto wakaanza kucheza. Nami napuliza, natazama tu kama mtu anavyotazama mvua.

Halafu kwenye lori lililosimama karibu na jukwaa nikaliona koti la baba yangu.

Baba alikuwa amekufa zamani. Koti lile mama ndiye aliyelivaa, kwenye baridi ya vilimani. Alikuwa amekaa juu ya gunia, amekumbatia mchi wa kinu, na kanga aliyojifunga kichwani imejaa majivu. Sikujua majivu yale ni ya nini. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nyumba zilichomwa ili watu wasirudi.

Mama akageuza uso kuutafuta muziki unakotoka, na macho yake yakanikuta. Nimevaa shati jipya la kitenge la bendi. Nimeshika tarumbeta inayong'aa. Mashavu yamejaa upepo.

Hakulia, wala hakuita. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtu fulani.

Sikumbuki kuiweka tarumbeta chini. Hamisi aliniambia niliiacha juu ya kiti nikaruka kutoka jukwaani. Sikumuaga mtu, sikumwomba mtu ruhusa. Nilichojua ni kwamba nimefika kwenye lori na nimeinua mikono.

"Mama, shuka. Nishike bega."

"Filipo," akasema. "Kumbe ni ninyi mnaotupigia?"

"Sikujua, mama. Walisema baada ya mavuno."

"Mahindi yangu yamebaki shambani," akasema. "Yalikuwa yameanza kukauka vizuri." Kisha akaniwekea mchi mikononi, akashuka mwenyewe.

Nikabeba gunia, tukatafuta kigingi chake. Njia nzima nilikuwa nasikia tarumbeta nyuma yetu, na nikasikia jambo la ajabu: mwito unaita, na mwitikio unajibu, ule mwitikio wangu, chini kidogo, umefifia kama unatoka mbali. Nikageuka. Asumani alikuwa peke yake. Alipiga mwito kwa sauti wazi, akakivuta kikombe cha bati kwa mkono wa kushoto akaziba, akapiga sehemu yangu. Anaita, anaziba, anajiitikia. Jasho linamtiririka. Aliyefumba macho angesema tuko wawili.

"Rudi kazini," mama aliniambia tulipofika kwenye kigingi. "Watakufukuza."

"Sirudi."

Nikakata matawi, nikamjengea kibanda cha kulalia siku mbili tatu. Yaliyotokea jukwaani sikuyaona. Nilisimuliwa na Hamisi, na Hamisi hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Wimbo ulipokwisha, yule bwana mkubwa akaja mpaka kwenye viti akauliza, "Yuko wapi mpiga tarumbeta wa pili?"

Hamisi akaanza kubabaika. Asumani akasimama, anajipangusa jasho.

"Nimemtuma mimi," akasema.

"Umemtuma wapi, kwa ruhusa ya nani?"

"Mama yake ameshuka kwenye lori, mheshimiwa. Nilidhani ndio tuliokuja kuwapokea."

Yule bwana akamtazama Asumani toka miguuni mpaka kichwani.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa Ujiji."

"Kabla ya Ujiji?"

"Kabla ya Ujiji nilikuwa mgongoni mwa mama yangu."

"Ukitokea ng'ambo."

"Mama ndiye aliyejua njia, mheshimiwa. Mimi nilikuwa nimelala."

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichommaliza. Mkubwa unaweza kumbishia faraghani akakusamehe, lakini watu wakicheka, hawezi tena. Akasema watu wa ng'ambo hawana uchungu na ujenzi wa taifa, na kwamba Asumani aikabidhi tarumbeta, apumzike mpaka shauri lake litazamwe. Asumani akaipangusa, akamwaga mate yaliyokusanyika ndani, akaikabidhi kwa mikono miwili.

Nilipopata habari nilikwenda kwa yule bwana mwenyewe. Nilimwamkia, nikamwambia ukweli: hakunituma mtu, niliondoka mwenyewe, kama ni adhabu iwe yangu. Akanisikiliza vizuri kabisa. Hata chai aliniagizia.

"Wewe kijana huna kosa," akasema. "Wewe ni mtoto wa mwananchi aliyehamia kijijini. Ni mfano mzuri. Utakaa kiti cha kwanza."

"Lakini mzee, Asumani hakunituma."

"Yeye mwenyewe amesema amekutuma. Nimwamini nani?"

Nikaenda Ujiji kumwambia Asumani kwamba na mimi naacha. Nilimkuta anapara samaki.

"Uache ule nini?" akaniuliza. "Na mama yako anajenga. Nyamaza upige."

Nikapiga. Kiti cha kwanza, bila mtu wa kuniitikia. Mnaweza kufikiri ni heshima. Kilikuwa kiti cha kuchosha kupita vyote nilivyokalia. Unaita, halafu unasikia drams tu.

Yeye akaenda Kibirizi, akawa ananunua dagaa kwa wavuvi asubuhi, anawaanika, anawauza kwa watu wa treni. Lakini kulikuwa na kitu ambacho yule bwana hakukijua, kwa kuwa hakuwa mtu wa fani. Asumani alikabidhi tarumbeta, hakukabidhi kinywa. Alikitoa pale pale wakati anaipangusa, akakitia mfukoni. Tarumbeta ya umma ikakaa stoo kama bunduki isiyo na risasi, na kila aliyetumwa kuijaribu alitoa upepo tu.

Na kinywa kile, kila asubuhi pale ufukweni, kabla mitumbwi haijarudi, alikipuliza. Nyuki wake yule yule. Akina mama wauza dagaa walimwita Baba Nyuki. Nilikuwa nikipita namkuta amesimama mbele ya maji, anapandisha sauti, anashusha, mishipa ya shingo imemtoka, na hakuna wimbo wowote unaotoka. Nilishindwa kumtazama kwa muda mrefu. Nilikuwa namwamkia, nanunua dagaa, naondoka.

Mama yangu alipopata nguvu alitembea kutoka kijijini mpaka Ujiji kumtafuta. Mjue mama hakuwa mtu wa dansi. Aliamini mtu akicheza muziki wa gitaa, shetani anahesabu hatua zake. Nilimpeleka nyumbani kwa Asumani, akakaa kwenye mkeka uani, akaweka chupa ya mawese mbele yake.

"Shikamoo, mama," Asumani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea ya kupaka midomo. Filipo ameniambia midomo yako ndiyo shamba lako."

"Ni kweli, mama. Lakini kwa sasa limelala."

"Hata langu," mama akasema.

Wakatazamana, wale wawili, kama watu waliokutana kliniki. Kisha mama akasema kwa Kiswahili chake kile kizito cha vilimani, "Siku ile nilisikia tarumbeta mbili. Mmoja yuko na mimi, amebeba gunia, lakini zinalia mbili. Nikajiuliza huyu wa pili ni nani. Nataka nimsikie tena."

"Sina tarumbeta, mama."

"Nimetembea mbali."

Asumani alimtazama, akaingiza mkono mfukoni akatoa kinywa. Akampigia kwa kinywa kitupu ule wimbo wote, mwito na mwitikio, kwa sauti ya nyuki. Mwajuma, aliyekuwa msichana mdogo, alikuwa anacheka huku ameziba mdomo. Mama hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama anavyosikiliza mahubiri.

"Ahsante," akasema. "Ni muziki mbaya, lakini umeupiga vizuri."

Miaka ikapita hivyo. Hakuna shauri lililotazamwa. Halafu yule bwana akahamishwa mkoa mwingine, kimya kimya, na mrithi wake hakujua chochote. Hamisi akaenda Kibirizi, akamkuta Asumani anageuza dagaa kwenye mchanga. Hakumpa hata salamu.

"Amehamishwa," akasema.

Asumani aliendelea kugeuza mpaka safu ile ikaisha. Ndipo akanawa mikono.

Tulipoitoa tarumbeta stoo, pistoni zilikuwa zimegandamana. Tuliziloweka kwenye mafuta ya taa, tukazigongagonga kwa mpini wa kisu uliofungwa kitambaa. Akachomeka kinywa, akapuliza, ikatoka sauti ya mbuzi. Tukacheka sote, na yeye akacheka, akapuliza tena. Mara ya tatu ilikuwa ni yeye. Midomo haikuwa imelala hata siku moja.

Nikarudi kiti cha pili. Sijawahi kukaa mahali kwa raha kama siku hiyo.

Lakini niwaambie ukweli, haikudumu. Miaka ya shida ikaingia. Nyuzi za gitaa hazipatikani, mafuta ya lori hayapatikani, sabuni yenyewe ya kufulia sare haipatikani. Saksafoni ikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakuna aliyeivunja Mawese Jazz. Tulikosa kukutana Jumapili moja, halafu nyingine, mpaka kukosa kukawa ndiyo ratiba. Asumani akarudi kwenye dagaa, safari hii kwa hiari yake. Mimi nikapata kazi ya ulinzi bandarini. Kila mtu akazeeka upande wake.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama. Kifua kilikuwa kimembana. Mtu aliyeweza kushika sauti moja mpaka wachezaji wanaanza kutazamana, sasa alipumzika katikati ya neno "karibu". Nikakaa pembeni ya kitanda. Tulizungumza bei ya samaki, wale migebuka wa ziwani, tukazungumza miguu yangu. Kisha nikaona nisipouliza siku ile sitauliza tena.

"Asumani," nikasema, "siku ya malori. Kwa nini ulisema umenituma?"

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Nilidhani," akasema, akavuta pumzi, "watanisimamisha wiki moja."

"Wiki moja?"

"Ikizidi sana mbili. Nilikuwa nimechoka, Filipo. Mwezi mzima malori, maharage, malori, maharage. Nikajiambia, bora nipate likizo, na huyu apate nafasi ya kumjengea mama yake." Akakusanya pumzi, akanyanyua kidole kimoja kunielekezea. "Ningejua ni miaka, ningekutaja wewe, jina lako, na la baba yako, na kilima mnachotoka."

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka bila sauti, kifua kinapiga filimbi, mkono wake umeng'ang'ania shuka. Mwajuma akaja mbio kutoka jikoni akidhani baba yake anakata roho.

"Baba! Kuna nini?"

"Huyu," Asumani akasema, akinielekeza, "huyu miaka yote alidhani mimi ni mtakatifu."

Mwajuma akatukemea sote wawili kama watoto, akampa baba yake maji kwa kijiko, akaniambia mzee apumzike sasa. Nikamshika mkono, nikaaga. Nilipofika mlangoni niligeuka kumtazama. Alikuwa amegeukia ukutani, na mabega yake bado yalikuwa yanatikisika.